Nyati wa Pembe Nne

"Nifungeni macho kwa kitenge, nipeni sarafu yoyote ya nchi hii, nami nitawaambia kama imezaliwa na kasoro. Macho ya nini?"

Maneno hayo aliyasema Ditram kwenye kipaza sauti, mbele ya watu mia mbili na ushee, kwenye sendoff ya binti yake Happiness, ukumbini Kilosa mjini. MC alikuwa amempa dakika tatu amuusie binti kuhusu ndoa. Kuhusu ndoa alisema "mkavumiliane", akahamia kwenye sarafu, na hakukuwa na mtu wa kumnyang'anya kipaza sauti kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa baba wa shughuli.

Wanaume wa upande wa bwana harusi wakasema haya, tuone. Wakamfunga kitenge. Ditram akatoa mfukoni sarafu yake mwenyewe yenye kasoro, wakaichanganya na zao tano, wakampa moja moja. Alikuwa anapitisha kidole gumba tu, kama mtu anayefuta kioo cha simu. Ya nne akaiinua juu.

"Hii waliikata vibaya kabla ya kuipiga chapa, pembeni imemegeka. Hizo nyingine kanunueni soda."

Ukumbi ulilipuka. Happiness aliinamia keki kwa aibu, mama yake, Editha, akapiga vigelegele, na MC akasema hajawahi kuona baba wa bibi harusi anaiba shoo ya bibi harusi. Hiyo ilikuwa miaka minne iliyopita, na Ditram alikuwa na macho mawili.

Ditram ni mtu wa Mvumi kwa kuzaliwa, wa Kilosa mjini kwa nyumba, na wa Mikumi kwa riziki. Miaka kumi na tisa alikuwa konda wa basi la Kilosa na Mikumi, lile linalopita kijiji cha Ulaya, ndiyo maana watu wa huku wote tumeshafika Ulaya bila pasipoti. Basi lilipokufa akapata kazi ya kukaa mlangoni kwenye choo cha kulipia karibu na stendi ya Mikumi. Ana meza, kiti cha plastiki, kisahani cha bati cha kutupia hela, na tishu zilizokunjwa vipande vya ukubwa ambao kusema kweli ni matusi. Haja ndogo mia mbili, haja kubwa mia tatu, na kwa wanaotaka kuoga kuna bafu mbili kwa ndani. Mwenye tenda ni Pastory, jamaa wa Kanda ya Ziwa mwenye ng'ombe wengi kuliko maneno. Mimi nauza kava za simu hatua sita kutoka mlango huo, na ninachosimulia hapa nimekiona mwenyewe, au nimesimuliwa na Doris wa kibanda cha miamala, au na Editha.

Desturi yake moja ilikuwa inatuchekesha sote. Ditram akitaka kwenda haja, anatoa hela mfukoni mwake, anaitupa kwenye kisahani chake mwenyewe, ndipo anaingia. Ukimuuliza anakwambia, "Leo nikiingia bure, kesho nitamruhusu shemeji, keshokutwa ukoo wote wa Mvumi utakuja kujisaidia hapa."

Mambo ya sarafu alifundishwa na Lupakisyo, mwalimu mstaafu wa Tukuyu anayepita Mikumi kila baada ya miezi miwili akienda Dar kumwona mwanaye. Siku ya kwanza alitoka chooni akifunga mkanda, akaangalia kisahani, akasimama hapohapo. Akanunua sarafu ya mia mbili kwa elfu kumi. Ditram alidhani mzee wa watu amechanganyikiwa. Kumbe Lupakisyo ni mkusanyaji, ana wenzake mpaka Nairobi na Ujerumani, wanatumiana picha za sarafu kama vijana wanavyotumiana picha za magari wasiyoyamiliki.

"Swali ni moja tu, Ditram," Mwalimu alimwambia. "Imezaliwa nayo au imeipata ukubwani? Iliyozaliwa nayo, pale mashineni, hiyo ni kasoro, ina bei. Iliyoipata ukubwani ni ajali. Ajali haina bei."

Akamfundisha kuangalia ukingo uliomegeka, picha iliyosogea pembeni, na sarafu iliyopigwa chapa mara mbili. Hiyo ya mwisho ndiyo tamu zaidi na ndiyo inayodanganya zaidi. "Ukiona kivuli pembeni ya picha usifurahi kwanza. Pitisha kidole. Kivuli cha kweli kimeinuka, kina mgongo. Kikiwa bapa, mashine ilitetemeka tu, hiyo kanunulie karanga. Na jambo la mwisho: usisafishe sarafu. Ukiisugua umeiua."

"Hata ikitoka chooni?"

"Hasa ikitoka chooni."

Baada ya ile sendoff, Kilosa nzima ilimletea sarafu. Vijana walikuwa wanazilaza kwenye reli, treni inapita, wanamletea kitu bapa kama chipsi. Mama mmoja wa Malolo alileta iliyoungua kwenye moto wa shamba. Mwingine aliigonga nyundo halafu akaapa kwa jina la marehemu mama yake kwamba aliikuta hivyo. Ditram anapitisha kidole gumba, anarudisha, anasema, "Hii ni ajali. Pole," kama trafiki. Wakimwambia kuna mtu mtandaoni anasema sarafu ya mia mbili inauzwa milioni sita, anajibu, "Huyo hizo milioni sita anazo mdomoni." Kwa miaka minne aliuza sarafu tatu, na kubwa kuliko zote ilimpa elfu arobaini.

Kisha jicho la kushoto likaanza kuwa jeupe.

Ilikuwa mwishoni mwa mwaka jana. Alidhani ni moshi, akadhani ni uzee, akadhani ni jirani. Hospitalini wakamwambia ni mtoto wa jicho: linapasuliwa, inawekwa lenzi, siku mbili anarudi nyumbani anaona. Laki tatu na nusu. Bima hana. La kulia wakasema bado zuri, ila arudi kila baada ya miezi mitatu litazamwe. Hakurudi. Kurudi ni nauli, na jicho zuri haliombi nauli, ndivyo alivyotuambia.

Kundi la michango lilianzishwa. Watu haohao waliochanga ng'ombe mzima kwa ajili ya sendoff ya Happiness walitoa shilingi elfu kumi na nne na emoji arobaini na moja za mikono ya maombi. Nilizihesabu mwenyewe. Hiyo elfu kumi na nne iliishia kwenye dawa ya matone.

Mwezi wa nne kijana mmoja alimpa noti ya elfu kumi iliyotolewa fotokopi, wala haikuwa fotokopi nzuri, akapokea chenji yake kamili na kupanda basi. Pastory alikuja jioni, akaishika ile karatasi, akaigeuza huku na huku.

"Mzee Ditram, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu."

"Mimi nakuheshimu. Lakini hii hata ng'ombe wangu asingeipokea."

"Ni hili la kushoto, Pastory. Nikishalitibu..."

"Litibu. Tenda yangu inaanza upya tarehe moja mwezi wa saba. Siku hiyo nataka mlangoni mtu anayeona. Ukiwa wewe, sawa. Usipokuwa wewe, atakuwa mwingine."

Tangu siku hiyo Ditram akawa mtu mwingine. Alikuwa anapitisha kidole kwenye kila sarafu iliyoingia, mamia kwa siku, mpaka ngozi ya kidole gumba ikawa laini kama ya mtoto. Akirudi Kilosa Jumapili, anakwenda sokoni kwa wauza dagaa na kuwaomba awachambulie chenji zao. Walimruhusu, kwa sababu ni mzee na kwa sababu inachekesha. Mimi pia nilicheka. Nilimwambia, "Baba, tafuta na madini humohumo." Akaendelea kuchambua, yeye ambaye mdomo wake si wa kudaiwa jibu.

Jumanne moja ya mwezi wa sita akaingia chooni Ngolo Maduhu, mfugaji aliyekuwa anakwenda mnadani. Alitoa mia tano, akaingia, akatoka. Ditram alikuwa bado ameshika ile mia tano, kidole gumba kimesimama juu yake.

"Chenji yangu, mzee."

"Subiri kidogo."

"Nasubiri nini, mimi nimeshamaliza."

Akampa mia mbili yake, na kwa mara ya kwanza katika historia ya choo kile akampa mtu tishu ya ziada bure. Ngolo aliondoka akiigeuzageuza, hajui ni zawadi au ni maoni.

Ditram akamwita Doris. Doris ana simu yenye kamera tatu, anaiheshimu kuliko mchumba wake. Alipiga picha ile mia tano upande wa nyati, akaivuta ikawa kubwa.

"Shikamoo tena, baba Happy."

"Marahaba. Unaona nini?"

"Huyu nyati ana pembe nne."

"Juu ya pembe kuna pembe?"

"Kuna pembe, halafu kuna nyingine nyuma yake, nyembamba, kama kivuli chenye mgongo. Na mwaka nao umejirudia. Kwani wewe huoni?"

"Nimeshaona kwa kidole," alisema Ditram, akacheka kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa nne.

Picha zikaenda Tukuyu. Baada ya saa mbili ikaja sauti ya Lupakisyo, taratibu, sauti ya mwalimu anayesoma matokeo. "Ditram, kaa chini. Hiyo imepigwa mara mbili, ya kweli kabisa. Nina mtu Ujerumani anaililia, na mimi sitaki kukulalia. Laki nne. Napita Mikumi Alhamisi ya wiki ijayo nikiwa na hela mkononi. Ifunge kwenye pamba. Usiiguse. Na usiisafishe."

Laki tatu na nusu ya jicho, hamsini ya nauli na chakula. Ilitosha, kama vile ilikatwa kwa kipimo chake. Siku hiyo alilipia watu watano chai, kwa mkopo.

Jumapili akaenda nayo Kilosa, kwa sababu chumba chake cha Mikumi mlango wake unafungwa kwa matumaini. Baada ya misa, saa nane mchana, jua limesimama juu ya ua, Ditram akatamani kitu kimoja. Sarafu ile alikuwa hajaiona. Aliishika, akasimuliwa na Doris, akaifunga kwenye pamba kama alivyoagizwa. Alitaka kumwona nyati wake kwa jicho lake kabla hajaondoka. Akakaa kwenye kigoda uani, akafungua pamba, akaisogeza mpaka karibu na jicho la kulia, lile zuri.

Ikawa na ukungu.

Akaifuta kwa shati. Ukungu ukabaki palepale. Akampigia Doris simu.

"Kwenye picha zile, sarafu ina ukungu?"

"Hapana, baba. Safi. Nahesabu mpaka nywele za masikio ya nyati."

Hapo ndipo akili ya Ditram ilipokwenda njia ambayo kwa mtu yeyote aliyenyooka ingekuwa sahihi. Jumanne ilikuwa safi, picha inasema. Leo ina ukungu, yeye anaona. Kwa hiyo ukungu umeingia katikati, kwenye pamba, kwa unyevu. Mwalimu amenunua sarafu ya kwenye picha. Akimpelekea yenye ukungu, atamrudishia. Kuutoa ukungu si kusafisha, ni kuirudisha ilivyokuwa.

Alianza na maji. Kisha ndimu. Kisha majivu ya jikoni na ndimu, kama mtu anayesugua sufuria la pilau. Editha alikuwa anachambua mchele hatua tatu kutoka pale.

"Baba Happy, si umesema hiyo haisafishwi?"

"Siisafishi. Natoa ukungu."

"Ukungu gani? Mbona naona inang'aa?"

"Wewe hujui sarafu."

Akaisogeza jichoni. Bado. Akaomba mchanga, ule mweupe laini wa mto Mkondoa ambao wanawake wa Kilosa wanasugulia masufuria mpaka unajiona ndani yake. Akasugua kwa kitambaa, akasogeza jichoni, akasugua. Editha akaacha mchele.

"Inang'aa kama kioo, mume wangu. Inatosha."

"Bado upo."

"Nakwambia inatosha."

"Editha, hili ndilo jicho langu nimeshika hapa. Niache."

Akamwacha. Anasema mpaka leo hajui kwa nini alimwacha. Ditram alisugua mpaka adhana ya alasiri, ndipo akachoka na kujiambia huenda jua ndilo linalomulika vibaya. Akaifunga kwenye pamba mpya. Hakuipitishia kidole. Vidole vilikuwa vimechunika kwa ndimu na mchanga, na zaidi ya hapo Mwalimu alisema asiiguse.

Alhamisi Lupakisyo alishuka kwenye basi saa nne asubuhi, suti ya kahawia, bahasha ya kahawia. Alikwenda haja ndogo, akalipa mia mbili, akanawa, akakaa kwenye kiti ambacho Ditram alikuwa amekipangusa tangu alfajiri. Doris alifunga kibanda akaja. Mimi nilisogea na kava zangu.

"Haya, Ditram. Nione mali."

Ditram akafungua pamba kwa mikono miwili, kama anampa mtoto aliyezaliwa sasa hivi. Lupakisyo akatoa kile kioo chake cha kukuzia, akakiweka jichoni, akainama. Akaigeuza. Akainama tena. Abiria wawili wakaja, wakatupa hela kwenye kisahani, wakaingia, wakatoka, na bado alikuwa ameinama.

"Nani ameigusa hii?"

"Hakuna mtu, Mwalimu. Ni mimi tu."

"Umeifanya nini?"

"Nimeitoa ukungu."

"Ukungu gani?"

"Ulioingia kwenye pamba. Kwenye picha haukuwepo, Doris aseme."

Doris akafungua simu, akaileta ile picha, akaweka simu mezani kando ya sarafu. Hata mimi niliona. Kwenye picha nyati alikuwa na pembe nne na hasira zake. Mezani kulikuwa na kitu cheupe kinachong'aa chenye mikwaruzo ya duaraduara, na nyati mwenye pembe mbili nyembamba kama mbuzi.

Lupakisyo hakupandisha sauti. Alichukua simu, akaisogeza usoni kwa Ditram.

"Hapa kwenye picha unaona nini?"

Ditram akaangalia muda mrefu.

"Ukungu," akasema.

"Niangalie mimi. Usoni kwangu?"

Akageuka akamtazama. Nilikuwa natazama uso wake wakati anaelewa, na ningeomba nisiwe nautazama. Alimwangalia Mwalimu, akaniangalia mimi, akaangalia lile basi kubwa jekundu lililokuwa limesimama mbele yetu.

"Nilidhani ni vumbi la stendi," akasema.

"Tangu lini?"

"Sijui. Kama Pasaka."

Akanyoosha mkono, akaipapasa meza mpaka akaipata sarafu. Akaishika kama anavyoshika siku zote, akafumba macho, akapitisha kidole gumba. Mara moja. Mara ya pili, polepole zaidi. Hakukosea. Hajawahi kukosea.

"Mbili," akasema.

"Ndiyo. Mbili."

"Mwalimu, chukua kwa laki mbili."

"Ditram."

"Laki moja. Wewe una wenzako, utawaeleza. Picha ipo, wataona ilivyokuwa."

"Picha ndiyo itakayonifunga. Watauliza pembe zimekwenda wapi."

"Hamsini. Mwalimu, nakuomba. Jumanne ni tarehe moja. Pastory analeta mtu."

Lupakisyo akavua miwani yake, akaifuta, ingawa haikuwa na kitu.

"Mimi nilikufundisha, wewe ukawafundisha watu wote wa huku. Niambie mwenyewe. Hii tunaiitaje?"

Konda wa basi jekundu alikuwa anapiga kelele Dar, Dar, Dar. Ditram alikuwa ameinamisha kichwa kwenye kisahani chake.

"Ajali," akasema.

Mwalimu alimwekea elfu ishirini mkononi, akamfungia vidole, akamwambia ni ya nauli aende akatazamwe yote mawili, upesi. Ditram aliipokea. Si wakati wa maringo. Lakini aliipokea kama mtu anayepokea risiti. Lupakisyo akarudi kwenye basi na bahasha yake ikiwa nene vilevile.

Doris alikuwa analia waziwazi. Mimi nilitafuta utani nikakosa. Nilikuwa nao mwingi asubuhi ile, kuhusu mtu mwenye laki nne anayelinda choo. Nikabaki napanga kava zangu kwa rangi.

"Laki saba," Ditram alisema baada ya muda, si kwa mtu yeyote. "Yote mawili ni laki saba."

Akaja abiria, mama mwenye mtoto, akatupa noti kwenye kisahani. Ditram aliishika, akaisogeza jichoni, akaisogeza mbali, akaisogeza jichoni tena. Kisha akaniita na kuninyooshea.

"Mwanangu, hii ni ya kweli?"

"Ya kweli, baba. Elfu mbili."

Akampa mama chenji yake kwa kidole, sawasawa kabisa. Halafu akasimama, akaniomba nimkalie kwenye kiti dakika kumi. Akavua saa yake akaiweka mezani. Majivu ya Jumapili yalikuwa bado yamekaa kwenye mipasuko ya vidole vyake. Akachukua taulo ndogo inayoning'inia nyuma ya mlango, akaipapasa meza mpaka akaipata ile sarafu, akaitupa kwenye kisahani pamoja na zile nyingine, akaingia ndani. Nikasikia bomba linafunguliwa.

Kuoga ni shilingi mia tano.